Nilibadilisha Sheria za Mchezo wa Mume Wangu, Akadhani Ni Kichwa Chake

Mshauri wangu, najua mezani kwako barua hazipungui na pole kwa kukuongezea mzigo, lakini hii nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mashuka machafu katika chumba cha kufulia cha hospitali ninakofanya kazi, mlango nimeurudisha, mashine tatu zinaunguruma na hakuna wa kunisikia nikilia, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujanihukumu, ingawa hata ukinihukumu sitakulaumu, maana mimi mwenyewe nimeshajihukumu zamani.

Mume wangu alikuwa mpima ardhi, miaka thelathini na moja akitembea na vigingi na darubini yake ya miguu mitatu, na hata rafiki zake hawamwiti jina lake, wanamwita Mpima. Alistaafu salama, tukasema sasa tutapumzika, kumbe. Mwaka juzi daktari akatuambia ana ule ugonjwa wa kusahau, unaoanza kwa kupoteza miwani na kuishia kwa kupoteza watu, akasema dawa ya kuuondoa hakuna, kisha akanivuta pembeni akaniambia, mama, yale ya zamani sana ndiyo yatakayokaa naye muda mrefu kuliko yote, kwa hiyo usimnyang'anye la zamani hata moja. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili.

La zamani kuliko yote kwake ni mchezo. Si karata wala drafti, ni mchezo wa kusimulia, mnakaa mezani watu watatu au wanne, mmoja anasimulia hadithi na wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi, nguvu zake, udhaifu wake, vitu alivyobeba, na mtu wako akitaka kufanya jambo gumu, kuruka ukuta au kumhadaa mlinzi, unarusha dadu yenye pande ishirini nayo ndiyo inaamua. Mpima aliuanza ujanani na mdogo wake, yaani shemeji yangu mwenye duka la dawa, pamoja na rafiki yao tunayemwita Mwalimu kwa sababu alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Nilipoolewa niliukuta mchezo ndani ya nyumba kama mke mkubwa, nikapiga moyo konde, nikawa nawachemshia chai.

Sasa mchezo wenyewe una matoleo. Kila baada ya miaka kadhaa kampuni inatoa kitabu kipya chenye sheria mpya, wengine wanahama, lakini hawa wangu walibaki na toleo la zamani, lile ambalo namba ndogo ndiyo nzuri. Hapo naomba unifuate vizuri, mshauri, maana ndipo nilipoharibu. Katika toleo lao ukirusha dadu ukapata moja umeshinda moja kwa moja, ukipata ishirini umekwisha. Toleo jipya waligeuza, ishirini ndiyo ushindi na moja ndiyo balaa. Mpima akipata moja alikuwa anagonga meza mara mbili kwa vidole na kusema "nimevuka", hata kama hapakuwa na kitu cha kuvuka, na wenzake wanacheka, miaka yote hiyo.

Kichwa kilipoanza kumsumbua, hesabu za mchezo zikawa zinamponyoka katikati, anajumlisha hapa anasahau pale, akawa anaona haya mbele ya wenzake, ndipo shemeji akatuletea programu ya mtandaoni, unaifungua kwenye tableti, inatunza karatasi zao zote, inajumlisha na kutoa, inamkumbusha ni zamu ya nani na wiki iliyopita waliishia wapi. Ilimrudisha mezani mume wangu, siwezi kusema uongo. Ila ina ada ya kila mwezi, na kwa wanaotumia toleo la zamani kuna nyongeza juu ya ada, kwa sababu kampuni inasema wateja wa toleo hilo wamebaki wachache na kulitunza ni gharama. Mlipaji nilikuwa mimi.

Mwezi wa tatu nikaiondoa nyongeza. Shemeji nilimwambia hela imebana, na kweli bei zimepanda na paa linavuja juu ya jiko, lakini nikikuambia ni hela nitakuwa nakudanganya na wewe. Nilichoka, mshauri. Mimi namwogesha, namvisha, namtafutia kiatu cha pili, nikimpelekea chakula ananiuliza kwa heshima kabisa kama nimeshalipwa mshahara wangu, halafu Jumamosi mchana wanakuja wale wawili na mtu yuleyule anaamka, anatania, anakumbuka jina la daraja walilovuka miaka ishirini iliyopita katika nchi isiyokuwepo duniani, na jina langu mimi anasita. Nikauonea wivu mchezo. Programu iliniuliza kama nina uhakika, ikasema watu wao wote watahamishiwa toleo jipya, nami nikabonyeza ndiyo, hapahapa kazini, nikisubiri mashine imalize kukamua.

Niliwaambia shemeji na Mwalimu, sikufanya kwa siri, na wao hawakupinga, tena naona walifurahi kidogo kwa sababu walikuwa wanalitamani toleo jipya siku nyingi wakimwonea Mpima aibu kumwambia. Tukakubaliana sote watatu tusimwambie kitu. Shemeji alisema tutamzoesha taratibu, kwani mtu asiyekumbuka alichokula asubuhi atakumbuka sheria za dadu? Tukaona ni hekima.

Jumamosi ile wakakaa. Shemeji ndiye anayesimulia siku hizi. Mtu wa Mpima ni mtafuta njia, mzee mmoja anayetangulia mbele ya wenzake, na ilibidi avuke mto uliofurika. Mpima akarusha, dadu ikazunguka weee, ikasimama kwenye moja. Uso wake ukafunguka, akagonga meza mara mbili, akasema nimevuka. Tableti ikaonyesha alama nyekundu. Shemeji akasoma kwa sauti ya chini kwamba mtafuta njia ameteleza na maji yamemchukua. Mpima akacheka kwanza, akadhani anataniwa, akasema moja ni kuvuka bwana, nyie vipi, na Mwalimu akajikohoza akamwambia taratibu kwamba hapana, Mpima, ni ishirini. Mume wangu akamtazama Mwalimu, akamtazama mdogo wake, wote wakaangalia karatasi zao. Halafu akageuka akaniangalia mimi, nimesimama na birika mkononi.

"Mama," akaniuliza, "imekuwa hivi siku zote?"

Na mimi nikamjibu, "Siku zote, mzee wangu."

Sijui kwa nini nilisema. Nadhani niliona wale wawili wamenyamaza nikaogopa kuwa peke yangu, nadhani nilitaka tu chai inywewe mambo yaishe. Hakubisha. Alichukua dadu zake zote, zile za zamani zilizofutika namba mpaka amezikolezea wino, akamwekea mdogo wake kiganjani, akasema yeye hafai tena kukaa na watu, akaenda kulala saa tisa mchana na viatu miguuni.

Kuna baya zaidi. Jioni aliamka akawa anatafuta kitabu, kile cha sheria za toleo lao, jalada lilishatoka kikashonwa kwa uzi wa viatu, anataka kuhakikisha. Nilikuwa nimeshakificha. Kiko juu ya kabati chini ya mablanketi mpaka leo. Nikamwambia kilipotea zamani, akasema sawa.

Toka siku hiyo mume wangu haamini anachokijua. Zamani alikuwa anasahau lakini akikumbuka anakumbuka kwa uhakika, sasa hata alilonalo analitilia shaka. Ananiuliza ufunguo unazungushwa upande upi. Ananiuliza bomba la maji ya moto ni lipi, bomba alilolifunga kwa mikono yake. Alikuwa anakwenda mwenyewe kununua gazeti, nyumba ya nne kutoka kwetu, sasa anafika getini anasimama, anarudi. Juzi pacha wetu walipiga simu, wako mbali na wana familia zao, akaongea nao vizuri, alipokata akaniuliza watoto wetu ni wawili, nikasema ndiyo, akaniuliza siku zote? Sasa kila kitu anauliza hivyo, kwa adabu, kama mgeni, na kila akiuliza naona ananichoma. Daktari anasema ugonjwa umepiga hatua kubwa ghafla, anashangaa, na mimi nimekaa pale kliniki natikisa kichwa kama sijui kitu.

Nilijaribu kurudisha. Niliwaandikia kampuni kwamba nitalipa nyongeza, hata maradufu, wakanijibu kwa upole kwamba toleo la zamani limebaki kwa wale tu ambao hawakutoka, aliyetoka hapokelewi tena, na karatasi zikishahamishwa hazirudi zilivyokuwa. Nilisoma jibu lile hapa kwenye mashuka. Maji yakishamwagika hayazoleki, naijua methali, lakini sikujua ingenihusu mimi. Mwalimu haji tena, nadhani ni aibu, na shemeji anasema niache, nikimwambia nitamchanganya zaidi, na mwisho wa yote atasahau.

Nisaidie, mshauri. Nikimwambia atajua kwamba mke wake alimdanganya alipokuwa uchi kabisa hana pa kujishika, na mimi ndiye mtu pekee anayemuuliza. Nisipomwambia ataondoka duniani akiamini kichwa chake kilimsaliti mbele ya rafiki zake, kumbe nilikuwa mimi. Na nikimwambia akasahau, je, nirudie? Nitaungama kila asubuhi mpaka lini? Sina hata nguvu za kuungama mara moja.

Mke wa Mpima

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Mpima, jifute machozi tuongee.

Nimesoma hadi mwisho kama ulivyoomba, halafu nikarudia. Pole sana. Kumwogesha mtu anayekuuliza kama umeshalipwa ni kazi isiyo na mshahara wala mtu wa kukupokea zamu, na wivu wako nauelewa vizuri kuliko unavyodhani. Ada ile sikulaumu. Mtu aliyechoka hubonyeza vitu, na ungeishia hapo leo tungekuwa tunazungumzia usingizi wako.

Hukuishia hapo. Mtu mwenye ugonjwa wa mumeo amebakiwa na msaada mmoja tu, kumuuliza anayemwamini. Katika watu watatu pale mezani alikuchagua wewe, na ukampa uongo, kisha ukapanda juu ya kitu ukamfichia kitabu ambacho kingemtetea. Hilo la kitabu si uchovu, mama, na unajua. Umeniandikia habari za kampuni na nyongeza na toleo hili na lile, nami nakwambia kampuni haihusiki hapa. Mumeo alikuwa sahihi. Namba aliikumbuka. Watu wenye akili zao timamu ndio waliomwambia hajui, tena wakatazama karatasi.

Na hao wanaume wawili wasikwepe. Mdogo wa mtu na rafiki wa maisha, wamekaa kimya mke wa mwenzao abebe uongo wao huku ameshika birika. Mmoja sasa amejificha nyumbani kwake, mwingine anakushauri unyamaze kwa sababu eti atasahau. Muulize shemeji yako swali moja kutoka kwangu: mbona hili hajalisahau? Amesahau kifungua kinywa, amesahau mengine mangapi, lakini kwamba yeye si wa kuaminika, hilo amelishika na anaishi nalo kila saa. Ugonjwa haukumfundisha hilo. Nyinyi ndio mliomfundisha.

Sasa sikiliza. Programu iache, usiandikie tena mtu barua ya kubembeleza. Ilikuwa inajumlisha na kutoa, na nyinyi mnaye mwalimu wa hesabu aliyestaafu hana kazi mchana kutwa. Achonge penseli akae pembeni ya rafiki yake, amfanyie hesabu zote na amkumbushe zamu yake, na karatasi ya mtafuta njia waiandike upya kwa mkono, kwa toleo la zamani, wakumbushane wote watatu. Wakikosea pakosewe. Shemeji arudishe dadu za watu.

Kabla ya hayo yote, mwambie. Chagua saa ambayo kichwa chake kimetulia, wewe unaijua saa hiyo kuliko daktari, ukae chini usawa wake na kitabu kikiwa mikononi mwako. Usilie kwanza, ukilia atakubembeleza wewe na habari itapotea. Mfungulie ukurasa wenyewe, uweke kidole chake kwenye mstari wenyewe, asome. Kisha sema maneno machache: ulikuwa sahihi, moja ni kuvuka, mimi nilibadilisha mchezo, ukaniuliza nikakudanganya. Usiongeze habari ya paa linalovuja. Akikasirika, aache akasirike, hasira itamwonyesha kwamba bado ana haki ya kitu. Akikunyamazia siku nzima, mpikie, mwogeshe kama kawaida, usimdai msamaha.

Siku itakayofuata wale wawili waje waseme hayohayo kwa midomo yao, mmoja mmoja. Kitabu kikae mezani hapo kila siku mahali anapokiona, na mkiandika kwa herufi kubwa upande wa kufungulia ufunguo na bomba la moto, mtaandika kwa sababu anaumwa, si kwa sababu mmemfundisha ujinga. Daktari naye mweleze ukweli, asije akampimia dawa kwa hatua ambayo ugonjwa haujaipiga. Pacha wako waambie mama yao amechoka kiasi cha kuuonea wivu mchezo wa dadu, waje wakupokee hata wiki moja. Simu haiogeshi mtu.

Umeniuliza kama utaungama kila asubuhi. Akisahau, ndiyo. Akikuuliza ufunguo, mwonyeshe, halafu mkumbushe na lile. Utachoka, na sikuahidi kwamba atarudi kukaa mezani, wala kwamba atauzungusha ufunguo bila kuuliza. Huenda mlichokivunja hakiungiki. Ninachokijua ni kwamba mtu huyu anazama akiwa amebeba hatia ambayo si yake, na wewe peke yako ndiye unayeweza kumtua.

Na jambo la mwisho. Barua yako ina tarehe ya wiki sita zilizopita. Ilikaa kwenye rundo, mimi nikaikuta Jumatatu, na gazeti nalo lina siku zake za kuchapwa. Ulipoiandika mumeo alikuwa bado anauliza. Siku ipo ambayo utamwambia ukweli wote naye atakutazama tu, asijue dadu ni nini wala kwa nini mama huyu analia, na siijui tarehe yake, daktari wako pia haijui. Mimi nimeshakuchelewesha wiki sita. Barua ya mwenzako hapo chini usiisome, vaa viatu uende nyumbani.